Mbinu za fasihi hazitambuliwi kwa kukariri majina

KILA ninaposoma kazi za wanafunzi wa fasihi, wawe wa shule ya upili au wa chuo kikuu, nakumbana na ugonjwa uleule: orodha ndefu ya majina ya mbinu bila neno hata moja kuhusu kazi ya mbinu hizo. Tashbihi, sitiari, tashihisi, kinaya, basi! Utadhani mfugaji anahesabu mbuzi zizini.

Tuanze na tashbihi. Wanafunzi wengi hushikilia kwamba palipo na neno 'kama' pana tashbihi. Sivyo. 'Kama utakuja, nitakungoja' ni sharti. 'Watu kama kumi' ni kadirio. 'Yeye ni mwalimu kama mimi' ni ulinganishi wa kawaida tu, kwa sababu sisi sote ni walimu. Tashbihi huleta pamoja vitu viwili vya jamii tofauti vinavyoshiriki sifa fulani: 'Macho yake yaliwaka kama makaa.' Ondoa kilinganishi, useme 'Macho yake ni makaa', nawe umepata sitiari.

Haya, kazi haijaisha. Kwa nini makaa, si taa wala nyota? Makaa huunguza. Mwandishi ametudokezea hasira, na papo hapo tumeanza kumjua mhusika.

Ndiyo maana siafiki mtindo wa kuisoma lugha kando na wahusika kando. Chukua Kidagaa Kimemwozea (2012), riwaya ya marehemu Ken Walibora iliyowahi kutahiniwa katika KCSE. Mtemi Nasaba Bora ana jina la kiungwana, lakini vitendo vyake ni vya dhuluma. Hapo majazi yamezaa kinaya. Nduguye, Mwalimu Majisifu, jina limemkaa sawasawa: anajivunia kitabu ambacho mswada wake aliuiba kwa Amani. Mbinu ni moja, kazi ni mbili. Anayeandika 'majazi' akaweka nukta hajatuambia lolote.

Mhusika hujulikana kwa anayotenda, anayosema na anayosemwa na wengine. Hili la tatu tulipime kwa uangalifu. Hasimu akimwita mtu mwoga, usikimbilie kuandika 'ni mwoga'. Uliza kwanza: nani kasema, na ana kisa gani naye?

Kwa hivyo walimu wenzangu, tuwazoeze wanafunzi maswali matatu. Ni mbinu gani? Iko wapi? Imefanya kazi gani? Mawili ya kwanza yanaweza kujibiwa kwa kukariri. La tatu linadai kusoma na kufikiri, na ndilo fasihi yenyewe.

Faida yake haikomei kwenye mtihani. Kijana aliyezoea swali hilo hatababaishwa na mwanasiasa anayejiita 'mtumishi wa wananchi' jukwaani. Atalisikia jina, kisha atavitazama vitendo.