Mwanga wa mchana nyumbani: dirisha, bati angavu au chupa ya maji?

Katika sekta ya Gahanga, wilayani Kicukiro, kusini mwa jiji la Kigali, nyumba mpya zinazidi kujaza miteremko iliyokuwa mashamba. Viwanja ni vidogo na kuta hukaribiana. Matokeo yake huonekana saa sita mchana: jua li utosini, ilhali sebuleni taa imewashwa ili mtoto apate kusoma, na umeme unaolipiwa unaendelea kuhesabiwa.

Mwanga wenyewe si haba. Kigali iko takriban nyuzi 2 kusini mwa ikweta, na mchana hudumu karibu saa 12 mwaka mzima. Shida ni kwamba mwanga huja pamoja na joto, na kila tundu linaloupitisha ni tundu ambalo mvua ya masika nayo italitafuta.

Anayefuata vitabu vya ujenzi vya Ulaya anaweza kupotea. Huko jua hukaa upande wa kusini, hivyo dirisha kubwa la kusini husifiwa. Gahanga jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini mwezi Juni na upande wa kusini mwezi Desemba, na nyakati zote mbili huwa juu sana, zaidi ya nyuzi 60 kutoka upeo wa macho. Kwa sababu hiyo dirisha linalotazama kaskazini au kusini hulindwa kwa urahisi. Upenu wa sentimita 60 hutia kivuli zaidi ya mita moja ya ukuta wakati wa adhuhuri, na chumba hupata nuru ya anga pasipo miali mikali. Madirisha ya magharibi hayana kinga hiyo: jua la saa kumi alasiri hupenya chini ya upenu, likamulika hadi kitandani na kuziacha kuta zikiwa na joto hadi usiku.

Kimo cha dirisha huamua mengi kuliko upana wake. Kwa makadirio ya wasanifu majengo, mwanga wa kutosha kusomea hufika ndani umbali wa takriban mara mbili ya kimo cha ukingo wa juu wa dirisha. Ukingo ukiwa mita 2 kutoka sakafuni, mwanga hufika kama mita 4; ukipandishwa hadi mita 2.5, hufika kama mita 5. Kwa anayehofia wezi au macho ya jirani, na wengi hupunguza madirisha kwa sababu hizo, kidirisha chembamba kilicholazwa juu ya ukuta, chini kidogo ya upenu, ndicho chaguo bora. Kikiwa cha kufunguka, hutoa pia hewa moto iliyopanda juu.

Mfano wa nuru ya pembeni uko Gahanga kwenyewe. Jengo la uwanja wa kriketi, uliofunguliwa Oktoba 2017, limeezekwa kwa kuba za vigae vya udongo uliochanganywa na saruji na kushindiliwa bila kuchomwa. Pembeni, chini ya kuba hizo, pameachwa wazi, na mwanga huingia pamoja na hewa.

Lakini nyumba iliyobanwa pande tatu hubakiwa na paa tu. Njia rahisi ni bati angavu la plastiki, linalopachikwa kati ya mabati ya kawaida. Hutoa mwanga mwingi kwa gharama ndogo, lakini huingiza joto saa zile zile ambazo jua ni kali zaidi, hugeuka manjano kadiri miaka inavyopita, na huvuja iwapo fundi hakulilaza vyema kwenye maungio. Linafaa ukumbi, jiko na ghala kuliko chumba cha kulala, na vipande viwili vidogo vilivyoachana huangaza vizuri kuliko kimoja kikubwa.

Chupa ya plastiki ya lita 2 ni ubunifu wa Alfredo Moser, fundi mitambo wa Brazili, wa mwaka 2002. Hujazwa maji na dawa kidogo ya klorini ya kuzuia ukungu, kisha hupachikwa kwenye bati, nusu nje nusu ndani. Jua likiwaka, huangaza kama balbu ya wati 40 hadi 60. Lakini huhitaji nyumba isiyo na dari. Yenye dari hufaa bomba la mwanga, lenye kuta za ndani zinazong'aa kama kioo, ingawa bei yake bado iko mbali na mifuko ya wengi. Rangi nyeupe ndani, hasa darini, ni nafuu zaidi, na inafaa ijaribiwe kwanza.

Wenye majengo ya zamani yaliyoezekwa kwa asibesto wasitoboe paa wala kulikata kwa sababu yoyote. Vumbi lake husababisha saratani ya mapafu, na kuliondoa ni kazi ya wataalamu wenye vifaa vya kujikinga.