Mashindano ya Bustani za Maua

Mashindano ya kupamba makazi kwa maua yamekwisha kuenea ng'ambo. Ufaransa iliyaanzisha kwa miji na vijiji vyake mwaka 1959, nayo Uingereza ikafuata mwaka 1964. 

Lakini katika pwani ya kusini, mahali kama Majoreni, ua husifiwa kwanza kwa harufu yake. Asumini na mrehani hupandwa karibu na nyumba kwa ajili ya vikuba, wala si kwa kupendeza wapita njia. Tena asumini hufunguka jioni. Mwamuzi ajaye saa nne za asubuhi atakuta vitumba tu, na pengine atamnyima alama mwenye bustani njema kuliko zote. Yafaa ukaguzi ufanywe jua likikaribia kuchwa. Na kwa kuwa maua mengi yako uani, waamuzi wanawake hawana budi kuwamo.

Maji nayo yahesabiwe. Ndoo ya kisimani huchukuliwa kichwani, kwa hiyo amwagiliaye kwa maji yaliyokwisha kusuuzia vyombo astahili alama zaidi. Makopo ya kupandia yatobolewe chini, kwani maji yaliyotuama humo hukuza mbu waletao homa ya dengi, tena kwa muda usiozidi majuma mawili. Mwamuzi na ayainamie makopo hayo kabla hajayatazama maua.