Kipimajoto cha bei nafuu cha kumwamsha mkulima kabla ya jalidi kutua

Usiku mmoja usio na wingu angani hutosha kuligeuza shamba zima la viazi huko Kinangop kuwa majani meusi yaliyonyauka. Wakazi wa Nyandarua wanaifahamu vyema hali hiyo, hasa miezi ya Januari na Februari. Nao wakulima wa majanichai wa Kericho na Nandi hawajasahau hasara ya Januari 2012, jalidi ilipoyababua majani mashambani mwao.

Jalidi, yaani ule umande ulioganda kuwa barafu, aghalabu hutua kati ya saa tisa usiku na mapambazuko, wakati ambapo kila mtu amelala. Hiyo ndiyo sababu baadhi ya wakulima wameanza kutafuta vipimajoto visivyotumia waya, ambavyo huwekwa nje na kutuma vipimo hadi kwenye kompyuta ndogo iliyomo nyumbani. Kompyuta hiyo huweza kupiga king'ora, kuwasha taa ya chumbani au hata kuendesha pampu ya maji.

Vifaa vya aina hiyo vimejaa katika maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, na vingi huagizwa kupitia intaneti. Kabla ya kuuliza bei, mnunuzi anafaa kuuliza iwapo kifaa anachoonyeshwa kinaweza kupima joto lililo chini ya nyuzi 0.

Swali hilo huenda likaonekana la kipuuzi, lakini DHT11, kipimajoto kinachopendwa mno na wanafunzi kwa urahisi wa bei yake, hupima kuanzia nyuzi 0 hadi 50 pekee. Isitoshe, huweza kukosea kwa nyuzi 2 juu au chini. Kikionyesha nyuzi 3, huenda hali halisi ni 1 au 5. Kwa shughuli ya jalidi, hicho ni mlinzi anayesinzia pindi giza linapoingia. Vivyo hivyo, vipimajoto vingi vidogo vya Bluetooth vilitengenezwa kwa matumizi ya ndani ya nyumba, nalo karatasi la maelezo husema hivyo kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayezisoma.

Chaguo bora kwa mtu asiye na fedha nyingi ni DS18B20 iliyofunikwa kwa mrija wa chuma na kuunganishwa na kipande cha waya. Kosa lake halizidi nusu nyuzi kati ya nyuzi 10 chini ya sifuri na nyuzi 85, haidhuriki kwa mvua, na huuzwa kwa mamia machache ya shilingi. Ila za bandia ni nyingi sokoni.

Kuikagua si kazi. Ponda barafu, ijaze kwenye kikombe, tia maji kidogo, koroga, kisha tumbukiza mrija huo kwa dakika chache. Isiposoma 0, au karibu sana na hapo, irudishe dukani. Usitumie maji yanayochemka kama kipimo: katika mwinuko wa mita 2,400, maji huchemka yakifika takriban nyuzi 92, nawe utakilaumu kifaa kisicho na hatia.

DS18B20 yenyewe haina redio, hivyo huunganishwa na kibao kama ESP32 chenye Wi-Fi. Tatizo ni umeme. Kibao hicho kikiachwa hewani usiku na mchana, betri zitaisha kwa siku chache. Sharti kipangiwe kulala na kuamka baada ya kila dakika kadhaa ili kitume kipimo.

Asiyetaka usumbufu wa kuunganisha nyaya anaweza kununua kipimajoto kilicho tayari, kinachotumia masafa ya megahezi 433. Hivi hutumia betri mbili za kawaida, zile zipatikanazo katika kila kioski, na huweza kumaliza mwaka mzima bila kubadilishiwa. Kipokezi kidogo cha redio kinachochomekwa kwenye kompyuta, pamoja na programu ya bure iitwayo rtl_433, hunasa vipimo hivyo. Jihadhari na vile vya megahezi 915 vilivyokusudiwa soko la Marekani, kwa kuwa masafa hayo yanaingiliana na yale ya simu za mkononi huku kwetu.

Vifaa vya Zigbee navyo ni vizuri, ila hutumia masafa ya juu zaidi ambayo ukuta wa mawe huyadhoofisha upesi. Ama nyumba ya mabati, hiyo huzuia karibu kila aina ya mawimbi. Weka kipokezi dirishani.

Hata hivyo, kifaa cha bei ghali kikiwekwa pabaya hushindwa na cha bei rahisi kilichowekwa pazuri. Wataalamu wa hali ya hewa hupima joto la hewa kwenye kimo cha kati ya mita 1.25 na 2, ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu kilichobuniwa na mhandisi Thomas Stevenson wa Scotland. (Huyu ndiye babake mwandishi wa kile kitabu tulichokisoma kwa Kiswahili kama Kisiwa Chenye Hazina.) Kisanduku hicho hukinga jua, ambalo mchana huweza kuongeza nyuzi kadhaa za uongo.

Lakini viazi havioti kwenye kimo cha mita 2. Katika usiku mtulivu usio na wingu, ardhi na majani hupoteza joto upesi kuliko hewa iliyo juu yake, na baridi nzito hujikusanya mabondeni. Kipimajoto kilichotundikwa ukutani huweza kusoma nyuzi 3 au 4 ilhali majani yameshaanza kuganda. Basi kiweke kwenye kimo cha mimea, mbali na nyumba, katika sehemu ya chini kabisa ya shamba, na king'ora kilie joto likishuka hadi nyuzi 3 badala ya kungojea 0.

Aidha, epuka kifaa ambacho lazima kwanza kitume vipimo ng'ambo ndipo kikuarifu. Intaneti ikikatika usiku, nacho hunyamaza. Programu kama Home Assistant hufanya kazi yote nyumbani, pasipo intaneti, mradi kompyuta na kipokezi viwe na betri ya akiba. Iagize pia ikuamshe endapo kipimajoto hakijasikika kwa nusu saa, kwa kuwa betri iliyokufa na usiku wenye joto hufanana: vyote viwili havipigi king'ora.

Kuhusu pampu, pana hatari moja. Maji ya vinyunyizio huikinga mimea maadamu yanaendelea kumwagika hadi barafu iyeyuke asubuhi. Yakikatika katikati, mimea iliyolowa hupoa zaidi na madhara yake huweza kushinda ya shamba ambalo halikunyunyiziwa kabisa. Mwenye tangi dogo afadhali aunganishe kipimajoto na king'ora pekee, na aweke nyasi kavu au turubai karibu na kitalu, tayari kufunikia miche.