Rafu za Stoo, na Niliyoyaona Nyarugusu

Wanachama wenzangu, ni nani miongoni mwetu ambaye banda lake la gari lina gari ndani yake? Wengi wetu banda hilo ndilo stoo. Humo mna magunia, majamvi, pakacha, ngazi, jembe lililovunjika mpini, dumu la mafuta ya taa, na baiskeli ya mtoto ambaye sasa amekwisha oa. Kila kitu kiko sakafuni, na kilicho chini kimefunikwa na kilicho juu. Msimu ukifika mtu hutafuta kamba na kingoe chake siku mbili nzima, kisha huenda dukani akanunua vingine.

Mimi nalikuwa mmoja wa watu hao. Msimu mmoja niliweka magunia manne ya karafuu kavu juu ya sakafu ya saruji, yameegemea ukuta, nikingoja siku ya kwenda kuuza. Mvua ikanyesha siku tano. Nilipoyainua, magunia yalikuwa baridi kwa chini, na karafuu zilizokuwa huko zimeota ukungu mweupe. Na lile gunia lililokuwa karibu na dumu lilikuwa likinuka mafuta ya taa. Sina haja ya kueleza niliambiwa nini kituoni. Sikumlaumu mpimaji, maana pua yangu mwenyewe ilikwisha niambia.

La kuudhi zaidi ni kuwa dawa ya khasara hii nalikuwa nimekwisha iona kwa macho yangu, mbali kabisa na bahari, nami nikaipita.

Nyarugusu iko wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma, katika nchi ya vilima na udongo mwekundu. Ni kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya mashariki ya Kongo, wengi wao wakitoka Kivu ya Kusini. Mwaka 2015 wakaja Warundi kwa makumi ya maelfu, hata idadi ya watu ikapita 150,000. Hapana mji Pemba wenye watu kiasi hicho. Mimi nalikwenda huko mwaka 2017 kwa kazi ya ghala.

Katika ghala la chakula sheria ya kwanza ni kuwa gunia haligusi chini, wala haligusi ukuta. Unga wa mahindi, kunde na chumvi hupangwa juu ya chaga za mbao, na pembeni huachwa njia ya kupita mtu na tochi yake. Saruji, ingawa yaonekana kavu, hunyonya maji ya ardhini; na hewa yenye unyevu ikigusa sakafu baridi hutoa jasho. Panya naye hupenda kwenda kando kando ya ukuta. Mchwa hujenga njia yake ya udongo gizani, na penye nafasi utaiona njia hiyo kabla haijafika kwenye gunia. Haya nilifundishwa, nikayafanya kwa kuwa ndiyo amri ya kazi.

Lakini aliyeyajua khasa ni mama mmoja wa Kikongo ambaye nyumba yake ilikuwa karibu na njia niliyokuwa nikipita. Mwaka ule posho ya chakula ilipunguzwa, kwa sababu fedha za wafadhili hazikutosha. Posho ikiwa ndogo, kilo mbili za unga zikiingia unyevu, hizo ni siku ambazo watoto watalala na njaa, na hapana duka la kukopa. Basi yule mama alijenga rafu. Hakuwa na mbao wala msumari, na miti ilikuwa adimu, maana hata kuni watu walizifuata mbali, tena kwa khofu. Alichokuwa nacho ni udongo.

Alisimamisha nguzo tatu za matofali mabichi. Nguzo zilipofika magotini alilaza fito juu yake, akazifunga kwa uzi uliofumuliwa kwenye gunia, akazikandika. Kisha akaendelea kupanga matofali juu ya zile fito, hata nguzo zikapanda tena mpaka kifuani, akalaza fito nyingine. Uzito wa matofali ndio ulioshika fito. Unga ulikaa rafu ya chini, na chupa ya mafuta na vitu vidogo juu. Nyuma, baina ya rafu na ukuta, palipita mkono. Miguuni mwa nguzo alimwaga majivu. Nilipomwuliza kama majivu yaua mchwa alicheka, akasema, "Hapana, papa, lakini akipita ninamwona."

Wazee wetu nao walikuwa na susu ya kuning'iniza na vidaka ukutani, kwa hiyo jambo lenyewe si geni kwetu. Ila tumejenga mabanda ya saruji tukasahau.

Mwaka wa pili baada ya khasara yangu nilijenga kama yule mama, lakini kwa matofali ya saruji ya inchi 6, kwa kuwa matofali mabichi yasingestahimili mvua zetu katika banda lisilo mlango. Kwanza niliweka nguzo mbili tu, futi 5 baina yake, na mbao za inchi moja. Siku ya tatu mbao zilipinda kama mtumbwi. Nikabomoa. Sasa ziko nguzo tatu, na baina ya nguzo na nguzo ni futi 2 na nusu. Tofali hulazwa urefu wake ukielekea ukutani, na nyuma nimeacha shibiri moja. Matofali mawili, kisha mbao. Matofali matatu, kisha mbao tena. Matofali 15 kwa jumla, na mbao 8 za mbili kwa nne, kila moja futi 7, nne kila rafu, zikiachana kidogo hewa ipite. Ile ya juu nimeifunga na ukuta kwa ukanda wa chuma, maana watoto hupanda popote.

Fundi mmoja alinishauri nizipake mbao oili chafu kwa ajili ya mchwa. Kwa stoo nyingine ni shauri jema, lakini karafuu huvuta kila harufu iliyo karibu, basi nilikataa. Dumu la mafuta ya taa nalo limehamishwa nje, katika kisanduku chake.

Magunia manne hukaa rafu ya chini, mawili juu ya mawili, nami hufagia chini yake bila ya kuinua kitu. Majamvi hukunjwa juu, baada ya kukauka kabisa. Kamba na kingoe vimetundikwa ukutani, na msimu uliopita nilivipata gizani bila ya taa.

Panya bado wako. Hao sijapata dawa yao ila paka, na paka wangu hulala juu ya majamvi.