Kabla ya Exetat, Mtoto Alale

Exetat ni siku nne: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, kisha masomo ya opsio. Mtoto anayeanza amechoka hatafika ya nne na nguvu.

Somea 1 Wafalme 19. Eliya alichoka hata akaomba kufa. Malaika hakumkaripia, alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili, kwa sababu safari ilikuwa ndefu.

Basi wiki hiyo, mkesha tuachieni sisi wakubwa. Mtoto alale mapema, anywe uji kabla ya kutoka kwenye baridi. Maji wachote wengine. Usimkumbushe minervali uliyolipa. Asipofaulu, bado ni mtoto wako: mwambie hivyo leo, kabla ya matokeo.