Sura ya Sita: Nyumba ya Familia Kwenye Mteremko wa Mediterania

Mwaka 1951 wasanifu majengo José Antonio Coderch na Manuel Valls walipewa kazi ya nyumba juu ya kilima huko Caldes d'Estrac, mji mdogo wa pwani kaskazini-mashariki mwa Barcelona. Walianza kwa kupima. Walitia kwenye karatasi misonobari iliyokwisha kuota pale, mwinuko wa ardhi, na mistari ya kuonyesha ni wapi mtu akisimama anaiona bahari vizuri. Vyumba vilifuata baadaye. Ukiitazama ramani ya Casa Ugalde bila kujua miti ilikuwa wapi, kuta zake zinazopinda utadhani ni mapenzi ya mchoraji tu. Ukiijua miti, unaona kuta zilizopinda ili kuipisha.

Nashikilia kwamba utaratibu ule ndio sahihi kwa kila kiwanja cha mteremko. Familia nyingi hufika kwa msanifu na ramani ya nyumba mkononi, ramani iliyochorwa kwa ajili ya ardhi tambarare, na kuomba ipandishwe mlimani. Hapo ndipo gharama zinapoanza.

Chukua kiwanja chenye mteremko wa asilimia 25: ukienda mbele mita 4, umeshuka mita 1. Nyumba yenye upana wa mita 10 kutoka upande wa mlima hadi upande wa bahari itakuta ardhi imeshuka mita 2.5, karibu urefu wa ghorofa nzima. Ramani inayotazama nyumba kutoka juu haikuonyeshi jambo hili. Mchoro wa mkato, unaoipasua nyumba kwa wima kama kisu kinavyopasua papai, unakuonyesha mara moja. Kwa hiyo mwombe msanifu mkato kabla ya kujadili idadi ya vyumba.

Njia inayowavutia wengi ni kuchimba mlima, kusawazisha kiwanja, kisha kujenga kama bondeni. Udongo unaobaki umesimama nyuma ya nyumba unahitaji ukuta wa kuuzuia, na adui mkubwa wa ukuta huo ni maji. Kiangazi cha Mediterania ni kikavu kwa miezi kadhaa, ardhi inakuwa ngumu, halafu kati ya Septemba na Novemba dhoruba zinaweza kumwaga mvua nyingi kwa saa chache. Maji yakijaa nyuma ya ukuta wenye kimo cha mita 3, yanausukuma kwa nguvu ya kama tani 4.5 kwa kila mita moja ya urefu wake, na hapo sijahesabu msukumo wa udongo wenyewe. Ukuta wa mita 1.5 unapata robo tu ya msukumo huo, kwa sababu nguvu ya maji huongezeka kwa mraba wa kina chake. Kuta mbili fupi zilizoachana vya kutosha hubeba mzigo mdogo kuliko ukuta mmoja mrefu.

Wakulima wa pande hizo walilijua hilo kwa mikono yao. Milima kutoka Mallorca hadi visiwa vya Ugiriki imekatwa matuta ya ngazi, yakishikiliwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji. Maji hupenya katikati ya mawe, msukumo ukapungua, ukuta ukabaki. Mwaka 2018 UNESCO iliuingiza ufundi huo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa maombi ya nchi nane zikiwemo Hispania, Ufaransa, Italia na Ugiriki. Ukuta wa zege unahitaji kutendewa vivyo hivyo: kokoto nyuma yake, bomba lenye matundu chini kabisa, na matundu ya kutolea maji usoni. Juu ya nyumba, upande wa mlimani, chimba mtaro wa kukinga maji na kuyapeleka pembeni. Na usiufanye ukuta wa kuzuia udongo kuwa ukuta wa chumba cha kulala. Acha ujia mwembamba kati ya kuta hizo mbili, upitishe hewa. Ujia huo utakuepusha na ukungu na kuta zenye unyevu miaka yote.

Nyumba ikishuka kwa ngazi pamoja na ardhi, kuchimba kunapungua, lakini sasa familia itaishi na ngazi. Mita 2.5 ni vidato 15 hivi. Ukitaka njia ya kiti cha magurudumu yenye mwinuko wa 1 kwa 12, unahitaji mita 30, na wenye kiwanja kidogo hawana. Basi jikoni, meza ya kulia, bafu moja na chumba kimoja cha kulala viwe usawa wa mlango ambako gari linafika. Bibi atalala hapo, na hata kijana aliyevunjika mguu. Vyumba vya watoto na wageni vishuke chini, viwe na mlango wao wa kutokea bustanini.

Jua la huko lina tabia ambayo msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa hajaizoea. Kwenye latitudo ya Barcelona, saa sita mchana mwezi Juni linapanda hadi nyuzi 72, na Desemba linaishia nyuzi 25. Upenu wa sentimita 80 juu ya dirisha linalotazama kusini hutia kivuli dirisha zima la mita 2.2 mwezi Juni, na Desemba huruhusu jua liingie hadi ndani ya sebule. Upande wa magharibi upenu hausaidii, maana jua la jioni huja chini chini. Huko weka vibao vya dirisha vinavyofungika.

Mandhari ya bahari nayo yatazamwe kwa tahadhari. Jørn Utzon, msanifu wa jumba la opera la Sydney, alijenga Can Lis ukingoni mwa jabali huko Mallorca mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mng'ao wa bahari ulimsumbua macho, na wageni wasioalikwa walimchosha. Akajenga nyumba nyingine, Can Feliz, ndani zaidi kwenye mteremko wa mlima, ikakamilika mwaka 1994. Bahari aliiona, ila kwa mbali.

Limebaki suala la moto, nalo linanipa wasiwasi kuliko yote. Misonobari ina utomvu, na moto hupanda mlima haraka kuliko unavyokwenda tambarare kwa sababu joto lake hukausha mimea iliyo juu yake. Kusini mwa Ufaransa, sheria inamtaka mwenye nyumba iliyo karibu na msitu afyeke vichaka hadi mita 50 kuizunguka. Miti mikubwa inaweza kubaki, ila matawi ya chini yakatwe na vilele visigusane. Tarehe 23 Julai 2018 huko Mati, karibu na Athens, moto uliosukumwa na upepo ulishuka hadi baharini ukaua watu zaidi ya 100; wengi walinaswa kwenye vijia vyembamba visivyotokea popote. Kiwanja chako kiwe na njia ya pili ya kutokea kwa miguu, upande usio wa gari, na ipangwe kabla kuta za kuzuia udongo hazijajengwa. Zikishasimama, kuipata njia hiyo ni kuzibomoa.