Vita vilivyovuka maji: vitabu tunavyopendekeza

Ukiwa Goma unalijua Ziwa Kivu kwa sambaza na kwa maboti ya Bukavu. Lakini Septemba 1914 askari wa Wajerumani kutoka Rwanda walivuka ziwa hilo na kuteka kisiwa cha Idjwi, ambacho mkataba wa mipaka wa 1910 uliwapa Wabelgiji. Wabelgiji walikirudisha mwaka 1916. Mara zote hizo wenyeji hawakuulizwa.

Kwa nini sisi wa kazi ya amani tusome vitabu vya vita? Vijana wetu husikia habari za vita kutoka kwa wenye bunduki, na wengi wameiona Goma ikitekwa, mwaka 2012 na tena Januari 2025. Historia iliyoandikwa vizuri huonyesha pia gharama, na nani aliyeilipa.

Kuhusu majeshi kushuka kutoka majini, anza na kitabu cha Ross Anderson, The Battle of Tanga 1914. Waingereza walifika Tanga na askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India. Kabla ya kushuka, nahodha wa manowari yao alikwenda kuzungumza na Wajerumani bandarini. Lettow-Vorbeck akapata nafasi ya kuleta watu wake kwa reli, kama 1,000 tu, akashinda. Nyuki nao waliwashambulia askari, na watu wengi hukumbuka nyuki kuliko wafu.

Giles Foden, katika Mimi and Toutou Go Forth, anasimulia mashua mbili za Waingereza zilizopelekwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Kutoka Cape Town zilikwenda kwa reli mpaka Katanga, kisha zikavutwa milimani, zikapita mto Lualaba na kufika karibu na Kalemie ya leo. Kitabu kinachekesha, hasa juu ya kamanda Spicer-Simson aliyevaa sketi. Lakini usipite haraka kurasa za safari: barabara na madaraja yale yalijengwa kwa mikono ya Wakongo, na majina yao hayakuandikwa. Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, walioizamisha wenyewe mwaka 1916, iliopolewa baadaye ikawa Liemba.

Pengo hilo la majina linazibwa kidogo na Geoffrey Hodges katika The Carrier Corps, juu ya wapagazi wa Waingereza. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam limetokana na kikosi chao.

Hivyo vyote ni vya Kiingereza. Kikundi cha vijana wa Goma kinaweza kuanza na David Van Reybrouck, Congo, une histoire, kwa kuwa kipo kwa Kifaransa na mwandishi aliketi na wazee wa Kongo kuwasikiliza. Someni sura moja kwa kila kikao, na kila mmoja awaulize wazee wa kwao: nani katika ukoo aliwahi kubeba mizigo ya jeshi, na alirudi?